Baba wa Kwenye Karatasi

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona, na mimi ni binti yake wa kwanza, kwa hiyo niacheni niseme ninavyojua. Watu wa Kasongo wakimtaja Fundi Faradji hutaja suruali zake, kwamba hazikupasuka hata mtu akipanda nazo mchikichi. Ni kweli. Lakini kuna jambo jingine alilolifanya mwaka wa hamsini na saba, na hilo watu hulisimulia vibaya, kila mmoja kwa namna yake, mpaka natamani kumpiga mtu mwiko. Basi leo nalisema mimi, Feza, niliyekuwepo.

Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani. Mfupi, mwenye kitumbo, utepe wa kupimia umening'inia shingoni tangu alfajiri. Mama yetu, Faida, alikuwa akisema ipo siku atazikwa nao. Mashini yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa kwenye barza ya nyumba yetu karibu na soko, na hakuna aliyepita bila kusalimiwa na kukaguliwa nguo. Babu yake alitokea Nyangwe, watu wa zamani wa biashara, Waislamu, na sisi sote tumezaliwa ndani ya dini hiyo. Herufi za Wazungu baba hakuzijua. Alijua herufi za Kiarabu, alizofundishwa na mwalimu wa Kurani akiwa mtoto, na kwa herufi hizo aliandika Kiswahili chake kwenye daftari: kiuno cha fulani, mabega ya fulani, siku ambayo fulani aliapa atakuja kuchukua nguo na hakuja. Na alikuwa mkaidi. Ee Mungu wangu, mkaidi! Ukimwambia mvua inakuja, anatoa vitambaa nje akuonyeshe kuwa haiji.

Mtoto wa kiume alikuwa na mmoja tu, mdogo wangu Amisi. Akili ya yule mtoto ilianza kuonekana kabla hajang'oka jino. Alikuwa akikaa chini ya meza ya mashini, akipangapanga vipande vilivyoanguka, halafu unasikia sauti kutoka kule chini: "Baba, hapa umekata kingi." Baba anakasirika, anapima. Kumbe kweli, amekata kingi.

Shida ilikuwa shule. Wakati ule shule za kwetu zote zilikuwa za misioni, na mtoto wa Mwislamu hakuwa na benchi mle ndani. Hawakukufukuza kwa fimbo, la. Walikuuliza tu, kwa upole kabisa, "Mutoto amebatizwa? Baba yake anaitwa nani?" Ukishajibu, safari yako imekwisha, unarudi nyumbani.

Mwaka wa arobaini na tatu, Amisi akiwa na miaka saba, baba alikwenda kwa rafiki yake Célestin. Huyu Célestin alikuwa Mzimba kwa kabila, Mkristo, katekista, mwalimu wa dini wa misioni. Wakati wa vita vya kwanza, wao wawili wakiwa vijana wabichi, walichukuliwa kubebea askari mizigo mpaka Tabora. Homa ilimwangusha Célestin njiani, na baba alibeba mizigo miwili kwa siku nne ili rafiki yake asiachwe porini. Tangu siku hizo walikuwa ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja.

Baba akamwambia, "Ndugu yangu, nakupa mutoto wangu kwenye karatasi. Kwenye karatasi tu, unanisikia? Chakula atakula kwangu."

Célestin hakujua kusema uongo. Ukimuuliza kama mboga yako ina chumvi ya kutosha, anakuambia. Alijikuna kichwa, akatazama miguu yake. Mwishowe akasema, "Kwa sababu ni weye."

Hivyo ndivyo Amisi alivyokuwa Antoine, mwana wa Célestin. Akabatizwa. Watu wa msikitini walipopata habari walikaa mwaka mzima bila kumwitikia baba salamu, na wengine walihamisha vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Baba alisema, "Mungu anajua mutoto huyu ni wa nani. Asiyejua ni padri peke yake." Mama ndiye ambaye hakukubali hata kidogo. Alimwita Amisi kwa jina lake, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, makusudi.

Lakini baba aliweka sheria nyumbani. Njiani, sokoni, mbele ya mtu yeyote wa misioni, Amisi asimwite "baba". Amwite "fundi". Mtoto wa miaka saba! Nilimwona kwa macho yangu haya akikutana na baba sokoni, akaanza kumkimbilia, akakumbuka, akasimama wima katikati ya watu na kusema, "Jambo, fundi." Na baba naye, "Jambo, mutoto," akapita. Nilikuwa na ndoo ya maji kichwani, nikaitupa chini kwa hasira. Mama alinichapa kwa ajili ya ndoo ile. Si kitu. Mpaka leo nakasirika.

Miaka ikapita, kumi na minne. Amisi alisoma shule ndogo, akasoma shule kubwa, akarudi likizo na kufunga Ramadhani pamoja nasi, akaondoka tena kuwa Antoine. Ndipo jioni moja Yakubu akaja mbiombio. Yakubu alikuwa jirani yetu, karani kwenye buro ya teritware, ofisi ya serikali ya wilaya, kijana anayejua Kifaransa mpaka anaota ndoto kwacho. Mkononi alikuwa na barua.

Alitusomea pale barzani. Kule Elisabethville serikali ilikuwa imefungua chuo kikuu, na ilitafuta vijana. Wazungu watatu watazunguka. Watafika Kasongo, watawaita waliomaliza shule kutoka kwetu, kutoka Kabambare, kutoka kote huku kusini, watamkalisha kila mmoja mbele yao na kumuuliza maswali kwa mdomo. Vijana walioandikishwa walikuwa kumi na mmoja. Nafasi zilikuwa mbili.

"Mbili!" mama akasema.

"Mbili, mama. Na hapa chini wanasema kila kijana aje na baba yake. Baba ndiye ataweka mkono kwenye karatasi."

Amisi alikuwa ameegemea nguzo. Tangu akiwa mdogo alitaka kitu kimoja tu, kujenga madaraja, na vijana wa mtaani walimcheka, wakimuuliza kama atatandika ubao juu ya mto Lualaba. Sasa mlango wa madaraja ulikuwa mbele yake, na alikuwa akimtazama baba.

Baba alikunja barua ile, asiyoweza kuisoma, akamrudishia Yakubu. "Baba yake ni Célestin," akasema. "Nitamutumia habari."

Célestin wakati huo alikuwa amehamishiwa Wamaza, kule Kabambare, akifundisha katekismu vijijini. Kabla hajafika, baba alianza kazi. Alimwambia Amisi, "Nguo haitoki kwangu bila kujaribiwa mwilini. Na weye utajaribiwa." Akamwendea Yakubu akamwomba amtungie maswali yote ambayo Mzungu anaweza kumuuliza kijana. Yakubu alitunga thelathini, kwa Kifaransa. Baba alimwambia ayasome polepole, na yeye akayaandika kwenye daftari lake kwa herufi za Kiarabu, sauti kwa sauti, bila kujua hata neno moja maana yake nini.

Basi kila siku baada ya sala ya alasiri, kazi ilifungwa. Baba aliketi nyuma ya mashini kama hakimu, daftari mbele yake. Amisi alisimama kwenye ukingo wa barza, mikono chini. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kujifungua mtoto wangu wa pili, nikikaa pembeni nachagua mchele, na mambo yote niliyaona. Baba akisoma Kifaransa, jamani! Kilitoka mdomoni kimekunjamana, kimekatwa mahali pasipokatwa. Siku ya kwanza Amisi aliuma midomo mpaka machozi yakamtoka.

"Unacheka nini? Wazungu watakuuliza, unacheka nini."

"Sicheki, baba."

"Jibu swali."

"Swali gani, baba? Sijalisikia vizuri."

"Weye ndiwe umesoma. Mimi kazi yangu ni kuuliza."

Mtaona ni mchezo. Lakini ngojeni. Baba hakujua jibu ni la kweli au si la kweli, kwa hiyo alimpima mtoto kwa namna nyingine. Alitazama mikono, alitazama miguu, na zaidi alisikiliza sauti. Amisi akimaliza kusema, baba aliinua kidole: "Hapo sauti yako imeshuka mwishoni. Hilo hulijui." Na Amisi anafungua macho, anasema, "Kweli, baba. Hilo nimebahatisha." Anakwenda kulitafuta katika mabuku yake, kesho yake anarudi nalo, na sauti haishuki. Baba hakukosea hata mara moja. Yakubu mwenyewe alikuja kusikiliza, akaondoka akitikisa kichwa.

Kosa letu lilikuwa jingine. Baba aliamini kila Mzungu mwenye buku ni ndugu wa padri. Kwa hiyo juu ya maswali ya Yakubu aliongeza katekismu nzima. Mwislamu huyu, anayeamka alfajiri kuswali, alikaa barzani anamuuliza mwanawe sakramenti ni ngapi! Amisi alimwambia, "Baba, hawa ni wa serikali. Mapadri wana chuo chao kule Léopoldville." Baba akajibu, "Muzungu ni Muzungu. Wote wanakula meza moja. Sakramenti ni ngapi?"

Na lilikuwepo swali la kumi na moja. Hilo ndilo pekee ambalo baba alimuuliza Yakubu maana yake. Votre père, que fait-il? Baba yako anafanya kazi gani? Akifika hapo baba hakuinua kichwa. Alisoma huku macho yakiwa kwenye daftari.

"Il est catéchiste," Amisi alijibu. Ni katekista.

"Jina lake?"

"Célestin."

"Sauti imeshuka. Tena."

Akauliza tena. Sauti ikashuka tena. Mara tano, mara kumi. Mtoto anasimama mbele ya baba yake mzazi, na baba mzazi anamfundisha kumkana vizuri zaidi. Siku moja nilishindwa, nikaweka ungo chini. "Baba, muache mutoto! Unamutesa, na weye mwenyewe unajitesa!"

"Feza," akasema, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, "mengine yote anayajua. Hapa ndipo watamukamatia. Wakijua karatasi ni ya uongo, watamurudisha mpaka kwenye mashini hii. Nataka akae pembeni yangu anashona vifungo?" Halafu akageukia daftari. "Tena."

Majibu yale mengine yalimkaa Amisi kama nguo aliyoshonewa yeye. Hili moja lilivuta begani mpaka mwisho, na baba, pamoja na ufundi wake wote, hakuweza kulirekebisha.

Célestin alifika kwa kinga, baiskeli yake ya zamani, kutoka Wamaza, siku mbili njiani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Vesti yake, koti lake la pekee, ilikuwa imetoboka viwiko vyote viwili. Baba alimzunguka, akashika kitambaa, akaguna.

"Baba wa mutoto hawezi kuingia kwa Wazungu namna hii."

Aliingia ndani. Nilisikia sanduku likifunguliwa, na mama akasema, "Faradji, hicho?" Akatoka na kitambaa cha sufu, rangi ya majivu, kitambaa kizuri ambacho alikuwa amekiweka miaka mitatu ajishonee mwenyewe nguo ya Idi. Kila mwaka alisema Idi hii, na kila mwaka nguo za watu zilimtangulia.

Célestin alirudi nyuma. "Faradji, hapana. Mimi kuvaa kitambaa chako? Umenipa mutoto, sasa unanipa na nguo?"

"Simama wima. Unatingisha kipimo."

"Ndugu yangu..."

"Na usinidondoshee machozi. Sufu inaingia doa."

Alimpima mabega, mikono, kifua, taratibu, bila kuandika kitu, maana mwili ule aliujua tangu Tabora. Nilikuwa nimeshika pini. Nilitazama ukutani muda wote, na nawaambia wazi, nililia.

Siku yenyewe tulifika asubuhi mapema kwenye buro ya teritware. Amisi katika kostime nyeupe, suti aliyoshonewa na baba, Célestin katika sufu yake, anatoka jasho. Mimi nilibeba kikapu cha chakula, mtoto mchanga nimemwachia mama nyumbani. Baba alikuja kama fundi: sindano kwenye ukosi, utepe shingoni, eti kifungo kikikatika awepo. Tukakaa kwenye barza ya buro, chini ya dirisha. Vijana kumi na mmoja na baba zao, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Amisi aliitwa wa saba. Aliingia na Célestin, mlango ukafungwa.

Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na sauti zilitufikia vizuri. Mimi Kifaransa sikukijua, wala baba. Lakini baba aliyajua maswali yake kwa mlio! Alinishika mkono, akaninong'oneza, "Hilo ni la tatu." Amisi akajibu. "Vizuri. Hilo ni la tisa... Hilo silijui, Yakubu hakulitunga... Vizuri, sauti haikushuka." Mle ndani Amisi alikuwa anachora daraja ubaoni, tulisikia chaki. Baba alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyeonjeshwa asali.

Halafu sauti nzito ya Mzungu ikauliza, "Votre père, que fait-il?"

Baba aliubana mkono wangu mpaka ukauma. Ndani nikasikia chaki ikiwekwa chini. Halafu sauti ya Amisi, wazi kabisa:

"Il est tailleur."

"Siyo hiyo," baba akanong'ona. "Neno siyo hilo. Amekosea, Feza, amekosea." Akageuza kichwa kuelekea dirishani. "Lakini sauti haikushuka," akasema, akishangaa.

Yaliyofuata mle ndani Célestin alinieleza baadaye, na maana ya neno lile pia: ni fundi wa kushona. Mzungu mkubwa, mwenye kipara na miwani, alitazama karatasi iliyoandikwa katekista, akamtazama Célestin, akamuuliza kwa Kiswahili chao kile cha kuvunjikavunjika, "Wewe fundi ya kushona?"

"Hapana, Bwana."

"Karatasi inasema wewe baba."

Célestin alisema jasho lilimshuka mgongoni mpaka likafika kwenye viatu. Mwenyewe hakutaka kumwangusha Faradji, na uongo haukuwa na njia ya kupita mdomoni mwake. "Kwenye karatasi, ndiyo, Bwana," akasema. "Baba mwenyewe iko inje."

Tarishi wa buro akafungua mlango. "Fundi Faradji! Ingia!"

Baba aliruka. Alidhani ni kifungo. Aliingia tayari ameshachomoa sindano, na mimi nikamfuata mpaka mlangoni, tarishi hakunizuia. Mzungu akamwonyesha Amisi kwa kidole. "Huyu kijana, mutoto yako?"

"Hapana, Bwana," baba akasema, upesi, bila kupepesa. "Mimi ni fundi tu. Mutoto ni wa Célestin. Niliwashonea nguo."

Na sauti yake haikushuka hata kidogo. Miaka kumi na minne alikuwa amejizoeza, maskini baba yangu.

Amisi aligeuka. "Baba," akasema.

"Usiniite baba hapa," baba akasema kwa meno.

"Nitakuita wapi, basi?"

Baba aliirudisha sindano kwenye ukosi.

"Nyumbani nakuita kwa sauti ndogo, kama mwizi. Sokoni nakuita fundi. Nikienda Elisabethville, barua nitamuandikia nani? Nimekwisha kuwaambia, baba. Nimechoka."

Sasa huyo mkaidi wangu aliwageukia Wazungu, akaanza kuwaomba. "Bwana, musimusikilize. Kijana iko na homa. Tangu jana, homa kali. Muandike katekista, Bwana, ni katekista."

"Hana homa!" nikapiga kelele kutoka mlangoni. "Bwana, huyu ni baba yake! Na mimi ni dada yake, nilimubeba mugongoni!" Tarishi alinivuta mkono, nikamsukuma, chakula kikamwagika. Sijuti.

Basi Célestin akaeleza yote: benchi la misioni, ubatizo, mzigo wa Tabora, kila kitu. Wazungu wakasemezana. Mmoja, kijana, alianza kucheka, lakini yule wa kipara hakucheka. Alivua miwani. "Fundi," akasema, "sisi hapana padri. Sisi watu wa serikali. Nani amekuuliza unasali wapi?"

Baba aliwatazama mmoja mmoja. Wiki sita za katekismu!

"Lakini karatasi ya uongo ni karatasi ya uongo," Mzungu akaendelea, na uso wake ulikuwa mgumu. Akachukua karatasi nyingine, akamuuliza Amisi jina lake la nyumbani, akaandika, akaisukuma mbele ya baba. "Tia mukono. Mimi hapana kuahidi kitu."

"Niandike kwa herufi zangu?" baba akauliza.

"Andika."

Aliandika polepole sana. Faradji. Nilimwona akisogeza kichwa nyuma kulitazama, halafu akairudisha kalamu kwa mikono miwili.

Kufika nyumbani alivua utepe, jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla, akautupa juu ya mashini. "Miaka kumi na ine nimeshona," akamwambia Amisi, "na weye umefumua kwa neno moja."

"Ndiyo, baba."

"Na Célestin umemuharibia."

Hapo alisema kweli. Habari ilifika misioni kabla ya Ijumaa. Célestin aliitwa, akarudi bila kazi, akapanda kinga yake kwenda kulima mpunga. Baba alipomfuata kumwomba radhi alimkuta shambani na suruali ya zamani, sufu ameitundika ndani kwa Jumapili. Célestin alimwambia, "Faradji, ningesikitika ningekuwa nimedanganya vizuri. Njoo tule."

Kwa siku tisa baba hakumwita Amisi kwa jina, wala kwa hili wala kwa lile. Siku ya kumi alikuwa sokoni anachagua nyuzi. Amisi alitokea upande wa pili, akasimama kati ya wauza samaki na wauza mawese, akaita kwa nguvu zote za kifua, "Baba! Mama anakuita!" Soko zima likageuka. Watu wa misioni, watu wa msikitini, wote.

"Punguza sauti," baba akasema. "Mimi si kiziwi." Lakini hakwenda nyumbani mara moja. Nilimwona akizunguka soko lote bila kununua kitu, na Amisi nyuma yake, "Baba, huku! Baba, ngoja!" Jamani, kama mngeuona uso wake.

Hata hivyo usingizi hakuwa nao. Aliamini kabisa ameshamkosesha mtoto nafasi, kwamba jina lake limekaa kwenye karatasi ile kama doa. Wiki tatu zilipita hivyo. Yakubu alipokuja kusema orodha imefika na imebandikwa ukutani pa buro, baba alishika ukingo wa mashini kwanza ndipo akasimama.

Tulikwenda sote. Watu walikuwa wamejazana, baba za vijana, vijana wenyewe, na wengine waliotoka Kabambare kwa miguu. Majina yalikuwa mawili tu. Yakubu alisimama kwenye ngazi akasoma la kwanza, kijana wa Kabambare, na mama mmoja akapiga vigelegele. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Yakubu akameza mate, akasoma la pili, akiligeuza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

"Amisi, mwana wa Faradji, fundi wa kushona, Kasongo."

Mama alinikamata shingo. Amisi alikaa chini palepale kwenye vumbi na kostime yake nyeupe. Baba hakumtazama yeyote. Alipenya katikati ya watu, akafika mpaka ukutani, akasema, "Nionyeshe ni wapi." Yakubu akamwonyesha. Baba akaweka kidole kwenye zile herufi asizozijua.

"Soma tena."

Yakubu akasoma.

"Tena."

Akasoma tena, na tena, mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika, maana chini ya majina palikuwa na maneno mengine ya serikali waliyotaka kuyasikia. "Mzee Faradji," Yakubu akasema kwa upole, "wengine wanangoja."

"Wangoje," baba akasema, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka ndevuni, wala hakuyafuta. "Mimi nimengoja miaka kumi na ine. Soma."